Nyonga mpya, mkeka uleule: jibu kwa mwalimu wa Kihesa

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 61, naishi Kihesa, Iringa. Kwa miaka minane nimekuwa nikifanya yoga nyumbani kila asubuhi kwa kufuata video za kwenye simu. Tangu mwaka juzi nyonga ya kulia inaniuma kwenye kinena, nachechemea, usiku silali. Picha imeonyesha gegedu limekwisha, na daktari bingwa wa mifupa amenishauri niwekewe nyonga bandia. Nimepangiwa kwenda Dar es Salaam baada ya miezi mitatu. Je, niache yoga sasa au niendelee? Mwalimu wa kwenye video anasema nyonga ngumu hufunguka kwa kuvumilia maumivu. Na nikishapona, nitaweza kukaa tena chini kwenye mkeka nimekunja miguu?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kamwene, na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na majibu mafupi, maana mtu aliyekesha na maumivu hawezi kusubiri kurasa nzima ndipo ajue hatima yake. Yoga usiiache, ila ibadilishe kuanzia kesho asubuhi. Huyo wa kwenye video, katika hili la kuvumilia maumivu, usimfuate. Kuhusu kukaa chini umekunja miguu nitakujibu mwishoni, kwa sababu jibu lake linategemea jambo moja ambalo daktari atakayekupasua ndiye analijua, na nataka umuulize mapema.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kwa miaka mingi, kwanza Mbeya na sasa hapa Iringa, kazi yangu imekuwa kuwasimamisha watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa mifupa. Yoga nilijifunza baadaye, baada ya wagonjwa kadhaa kuniuliza swali kama lako na mimi kukosa la kuwaambia zaidi ya "acha kwanza". Sikuridhika na jibu hilo, na wao hawakuridhika.

Tuanze na hayo maumivu. Miaka minane iliyopita ulikuwa umekaza, ukavumilia, ukafunguka. Video haikukudanganya wakati ule, kwa sababu kilichokuwa kimekaza ni misuli, na msuli ukivutwa polepole siku baada ya siku hulegea. Sasa hali ni nyingine. Gegedu, ule utando laini unaofunika kichwa cha mfupa wa paja na kikombe chake, likiisha, mwili hujaribu kujitengeneza kwa kuotesha vimiba vya mfupa pembezoni mwa kiungo. Vimiba hivyo ndivyo vinavyoziba mwendo. Kwa kawaida wa kwanza kupotea ni ule wa kuzungusha paja kwa ndani, kisha kukunja na kunyoosha kunafuata. Kama siku hizi unashindwa kukata kucha za mguu wa kulia bila kujipinda, basi umeshayaona mwenyewe.

Unaweza kupima nyumbani. Lala chali kitandani, shika goti la kulia kwa mikono miwili, livute taratibu kuelekea kifuani. Kama kinachokuzuia ni msuli, utasikia mvuto mpana nyuma ya paja au kwenye kalio, na ukitoa pumzi ndefu goti linasogea kidogo. Kama ni mfupa, mwendo unakoma ghafla, kama mlango uliofika kwenye kizingiti, na maumivu yanachoma ndani kabisa ya kinena. Hapo hata ushushe pumzi mara kumi hausogei. Ukilazimisha unasaga kilichobaki, kiungo kinavimba kwa ndani, na usiku ndio unaolipa deni. Sitashangaa ukiniambia kwamba usiku wako mbaya zaidi hufuata asubuhi ulizojikaza zaidi kwenye mkeka.

Kipimo ninachowapa watu ni hiki: sifuri ni kutouma kabisa, kumi ni maumivu ya kuliza. Zoezi lisivuke tatu, na kesho yake asubuhi nyonga iwe imerudi ilivyokuwa kabla hujaanza. Ikiamka imezidi, zoezi la jana lilikuwa kubwa, punguza nusu.

Miezi mitatu uliyonayo ni mtaji. Mtu anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na mapaja na mikono yenye nguvu, wiki za mwanzo hazimsumbui sana. Kwa hiyo toa kwenye ratiba yako mikao yote ya kufungua nyonga: lotasi (kukaa nyayo zikiwa juu ya mapaja), njiwa (mguu wa mbele umekunjwa chini yako, wa pili umenyooshwa nyuma), kipepeo (nyayo zimegusana, magoti yamefunguka pembeni), kuchuchumaa hadi chini na kukaa katikati ya visigino. Mahali pake weka nguvu.

La kwanza ni kiti. Chukua kiti cha mbao cha mezani (cha plastiki hapana, miguu yake hupinda), kiegemeze ukutani. Kaa ukingoni, nyayo zote chini, zimeachana kama upana wa nyonga. Inuka kwa hesabu ya nne huku unatoa pumzi, kaa kwa hesabu ya nne huku unavuta pumzi. Hapa wengi hujidanganya bila kujua: wanainuka kwa mguu mzima, mguu mgonjwa umesogezwa mbele hauna kazi. Fanya mbele ya kioo, angalia nyayo ziko mstari mmoja na mabega hayalali upande wa kushoto. Mara nane, pumzika, mara nane tena. Kinena kikichoma ukiwa umekaa, kiti ni kifupi. Weka mto mgumu juu yake.

La pili ni mikono, kwa sababu baada ya upasuaji mikono ndiyo itakayokubeba juu ya magongo au fremu ya kutembelea. Kaa kwenye kiti chenye mikono, weka viganja, sukuma mpaka makalio yaachane na kiti. Mwanzoni utainuka sentimita mbili tu, si neno. La tatu, simama umeshika nondo za dirisha, inua mguu kwenda pembeni bila kulaza kiwiliwili, kila upande kwa zamu. Huo ni msuli wa pembeni wa kalio, na udhaifu wake ni mmoja wa wachawi wa huko kuchechemea kwako. Mkao wa daraja (kulala chali, magoti yamekunjwa, kisha kuinua makalio) endelea nao, makalio yasipande sana. Pumzi zako za asubuhi ziache kama zilivyo. Ni faida kubwa kwa mtu atakayelala kitandani siku kadhaa.

Ukipata magongo ya kuazima, jifunze kuyatembelea sasa wakati huna kidonda. Na kama unatumia fimbo, ishike mkono wa kushoto, upande wa pili wa nyonga mbovu. Karibu kila mgonjwa anayeingia kwangu mara ya kwanza ameshika fimbo upande unaouma. Jino bovu nalo litibiwe mapema, kwa sababu vijidudu vya kinywani vinaweza kusafiri na damu hadi kwenye kiungo kipya. Dawa zote unazotumia, na za mitishamba zikiwemo, zitaje kwa daktari. Nyingine huongeza kutoka damu.

Sasa upasuaji wenyewe. Nyonga bandia ya aina tunayoijua leo ilianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington. Alitumia kichwa kidogo cha chuma, chenye kipenyo cha milimita 22 hivi, ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, na wazo hilo halijabadilika sana: kichwa kilichochakaa kinakatwa, shina la chuma linaingizwa ndani ya mfupa wa paja, na kikombe kipya kinakaa kwenye fupanyonga. Siku hizi vichwa vingi ni vikubwa zaidi, milimita 28, 32 au 36. Kichwa kikubwa huchomoka kwa shida zaidi, ndiyo maana ni haki yako kuuliza umewekewa cha ukubwa gani.

Kinavyochomoka, mfikirie mchi ndani ya kinu. Ukiusimamisha katikati unauzungusha utakavyo. Ulaze upande mmoja mpaka uegemee mdomo wa kinu, kisha endelea kuusukuma: ncha ya chini inajiinua na kutoka upande wa pili. Nyonga bandia huteguka hivyohivyo. Paja linalazwa mno upande mmoja, shingo ya chuma inagonga ukingo wa kikombe, na kichwa kinasukumwa nje. Katika nyonga ya kuzaliwa kuna mfuko wa kiungo na misuli vinavyokizuia kichwa kisitoke. Daktari hawezi kuingia ndani bila kupasua sehemu ya ngome hiyo. Ataishona, lakini inahitaji wiki kati ya 6 na 12 kushika, na ndiyo maana miezi mitatu ya mwanzo ina hatari kubwa kuliko mingine yote.

Kwa hiyo lile swali la kumuuliza daktari ni hili: "Umenipasulia upande gani, nyuma, mbele au pembeni? Na miendo gani unanikataza, kwa muda gani?" Omba jibu liandikwe kwenye karatasi ya ruhusa. Nimepokea wagonjwa wengi ambao karatasi zao zinasema "nyonga ya kulia imebadilishwa" na basi. Mimi nabaki kupapasa kovu nikikisia. Kuna madaktari siku hizi wanaolegeza masharti mapema, na kuna wanaoyakaza. Wa kufuata ni aliyekushona, kwa sababu ndiye aliyeona kiungo kilivyokaa.

Akisema amepasulia nyuma, njia inayotumiwa sana duniani, miendo ya kuogopa ni mitatu: kukunja nyonga kuvuka pembe mraba, kupitisha mguu upande wa pili wa mwili, na kugeuza paja kwa ndani. Ukichanganya miwili kati ya hiyo hatari inaongezeka zaidi. Ukitazama mikao ya yoga kwa jicho hilo, majina hayana kazi tena. Kuinama kushika vidole ni kukunja. Mkao wa mtoto ni kukunja hadi mwisho. Mkao wa tai, mapaja yakisokotana, ni kupitisha na kugeuza. Na ule wa kulala chali kisha kudondosha goti upande wa pili, ambao video nyingi huuweka mwishoni kama mapumziko, ndio ninaouogopa kuliko yote: unakunja, unapitisha na unageuza ndani kwa wakati mmoja, huku misuli yote imelegea na mtu amefumba macho.

Akisema amepasulia mbele, mambo yanageuka. Kuinama kunakuwa na unafuu, na hatari inahamia kwenye kurudisha mguu nyuma na kufungua nyayo kwa nje. Hapo mkao wa shujaa wenye mguu wa nyuma ulionyooka, ngamia (kupiga magoti na kupinda mgongo nyuma), na daraja lililopanda juu vinasubiri. Akisema pembeni, mara nyingi ule msuli wa kalio umebanduliwa sehemu na kushonwa, na kuinua mguu pembeni au kusimamia mguu mmoja, kama kwenye mkao wa mti, kunangoja mpaka daktari aruhusu.

Mwalimu, mpaka hapa nimezungumzia mkeka. Lakini katika wagonjwa wangu, walioteguka nyonga hawakutegukia kwenye yoga. Mama mmoja wa Makambako alikuwa wiki ya tano, anaendelea vizuri, ameacha gongo moja. Wajukuu walikuwa shule. Akaketi kwenye kigoda chake cha siku zote, akainama kupuliza jiko la mkaa, goti la kulia likaingia ndani ili apishe moshi. Alisikia "ko". Alipojaribu kuinuka, mguu ulikuwa umefupika na nyayo imegeukia ndani, na maumivu hayasemeki. Kigoda kile nilikipima baadaye: kilikuwa na urefu wa shubiri moja na vidole vitatu. Alifanya kukunja, kupitisha na kugeuza, hajui hata yoga ni nini.

Kwa hiyo kabla hujasafiri, itembelee nyumba yako kama mgeni mwenye rula. Anza na choo. Kama ni cha kuchuchumaa, huwezi kukitumia kwa miezi kadhaa, na ikiwezekana usikirudie tena. Seremala yeyote wa Kihesa anaweza kukutengenezea kiti imara chenye tundu katikati cha kuweka juu ya shimo, chenye mikono ya kushikia pande zote mbili. Kama ni cha kukaa, huenda bado ni kifupi. Pima hivi: simama, mtu apime kutoka nyuma ya goti lako hadi sakafuni. Kila mahali utakapokaa, iwe choo, kiti au kitanda, pawe juu ya kipimo hicho kwa vidole vinne hivi, ili ukikaa goti liwe chini ya nyonga.

Kisha kochi. Watakuja watu kukupa pole, na kwa heshima yetu mgonjwa hukalishwa kwenye kochi kubwa linalozama. Kataa kwa adabu, kaa kwenye kiti cha mbao. Msibani, wenzako watakapokaa chini kwenye mikeka, omba kiti na usione haya. Wakwe na wazee uliozoea kuwasalimia kwa kuchuchumaa, kama desturi yetu huku nyanda za juu, wasalimie umesimama. Mwambie mtoto awaeleze mapema. Kukunja nne ukiwa kwenye kiti, mguu mmoja juu ya mwingine, uache kabisa kipindi hicho. Ni tabia inayorudi yenyewe mtu anaposahau, hasa kanisani mahubiri yakiwa marefu.

Halafu kuna soksi. Nataka uzifikirie sana, kwa sababu ukipasuliwa miezi mitatu ijayo unaweza kujikuta katika baridi ya Iringa, na Juni na Julai hakuna anayelala bila soksi. Kuvaa soksi ya mguu wa kulia ni kuinama, kukunja goti na kulivuta ndani. Mwache mjukuu akuvalishe. Kama uko peke yako, tumia kifaa cha kienyeji: kata chupa ya plastiki ya lita moja unusu ibaki kama mfereji, toboa matundu mawili, funga kamba mbili ndefu, visha soksi juu yake, dondosha chini, ingiza vidole, vuta kamba. Nimewafundisha wagonjwa wengi na wanaufurahia ujanja huo kuliko mazoezi yangu.

Kulala, weka mto katikati ya mapaja, hasa ukilala ubavu. Mikeka midogo na mazulia yanayoteleza yakunjwe yawekwe stoo. Jiko lipandishwe juu ya meza ya matofali, au mwingine apike.

Safari ya kurudi nayo ni sehemu ya matibabu. Dar hadi Iringa ni kama kilometa 500, na mguu uliotulia muda mrefu ndiko damu inakoganda. Muulize daktari ni lini utaruhusiwa kusafiri, na dawa za kuzuia damu kuganda uzimalize zote. Mara nyingi hutolewa kwa wiki nne hadi tano. Ndani ya gari kaa kiti cha mbele kilicholazwa kidogo, chenye mto mgumu. Kanyaga na achia nyayo, juu chini, mara ishirini kila robo saa, na shuka utembee kidogo kila baada ya saa moja au mbili. Kabla hamjaanza kupanda Kitonga mwombe dereva asimame Ruaha Mbuyuni. Ukifika mjini, bajaji hapana: kiti chake ni kifupi na magoti hupanda juu ya nyonga. Bodaboda ndiyo kabisa.

Yoga yako ya wiki mbili za mwanzo itakuwa ndogo, na naomba usiidharau. Kitandani: nyayo juu na chini, kukaza paja huku unakandamiza goti kwenye godoro, kukaza makalio, kutelezesha kisigino kukunja goti kidogo, na pumzi kumi ndefu mara nne kwa siku. Hospitali nyingi watakusimamisha siku ileile au kesho yake. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda na mguu uliopasuliwa hutangulia kushuka, pamoja na gongo. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14 hivi.

Kuanzia wiki ya pili hadi ya sita, kila kitu kifanyike ukiwa umesimama au umekaa kwenye kiti kirefu. Simama kama mlima, uzito sawa miguu yote miwili. Hili linaonekana jepesi, lakini mwili wako umekuwa ukiikimbia nyonga ya kulia kwa miaka miwili na utaendelea kuikimbia hata maumivu yakiisha. Weka mgongo ukutani, funga macho, sikiliza kisigino kipi kinabeba zaidi. Inua mikono na pumzi. Hamisha uzito kulia, rudi katikati, hamisha kushoto. Mgonjwa wangu mmoja, fundi cherehani, alitumia wiki tatu nzima kwenye zoezi hili peke yake, na alipoacha magongo alitembea bila kuchechemea hata kidogo.

Ukishaonwa kliniki kwenye wiki ya sita na daktari akaridhika, tunaongeza. Shujaa wa hatua fupi, kiti mbele yako. Daraja la chini. Kusimama mguu mmoja kwa sekunde tano ukishika dirisha, kisha kumi. Badala ya mkao wa mbwa anayejinyoosha, weka viganja ukutani usawa wa kifua na urudi nyuma kidogo, kiwiliwili kisifike usawa wa meza kama umepasuliwa nyuma.

Mwezi wa tatu, akiruhusu, ndipo utashuka tena sakafuni, na mara ya kwanza mtu mzima awe pembeni. Shika kiti imara. Mguu wa kushoto, ulio mzima, ubaki mbele. Rudisha wa kulia nyuma kidogo, piga goti la kulia, kisha la kushoto, ndipo uweke viganja chini. Kuinuka ni kinyume chake: mguu wa kushoto unatangulia mbele, unausukuma, mkono kwenye kiti. Fanya mara tatu kabla hujafanya mkao wowote huko chini. Mtu anayejua kuinuka kutoka sakafuni haogopi sakafu, na hofu ya kuanguka yenyewe huangusha watu. Nguvu na mwendo huendelea kuongezeka hadi mwaka mzima, kwa hiyo usijipime na wiki iliyopita. Jipime na mwezi uliopita.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi. Mguu kufupika au kugeuka ghafla na kushindwa kuukanyaga: usivutwe na mtu, lala, upelekwe hospitali. Shavu la mguu, nyuma chini ya goti, kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika ghafla: hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kidonda kuwa chekundu, kutoa maji au usaha, homa, au maumivu yanayopanda badala ya kushuka: rudi kwa daktari kabla hujameza antibiotiki za duka la dawa, kwa sababu zinaweza kuficha kinachotafutwa.

Wasomaji wengine watakaosoma hapa wakiwa wamevunjika shingo ya paja na kufungwa kwa skrubu au chuma, nyonga ikabaki yao wenyewe: masharti yenu ni tofauti. Kwenu hatari iko kwenye uzito mnaoruhusiwa kukanyagia kuliko upande wa kukunja. Msitumie ratiba hii.

Nimebakiza swali lako la mwisho. Lotasi, mwalimu, iage sasa, pamoja na ile njiwa ya kulalia goti. Zinahitaji nyonga ikunjwe na kufunguka hadi mwisho, na mimi simruhusu mtu mwenye kikombe cha plastiki kwenda hadi mwisho, hata baada ya miaka mitano. Nyonga nyingi hizi hudumu miaka 15 hadi 20 na zaidi, na yako inabidi ikufikishe mbali. Lakini kukaa kitako kwa kukunja miguu kawaida, juu ya mto mgumu au mablanketi mawili yaliyokunjwa, makalio yakiwa juu na magoti chini, huo watu wangu kadhaa waliopasuliwa nyuma wamerudia baada ya miezi sita na kibali cha daktari. Aliyepasuliwa mbele namchelewesha, kwa sababu mkao huo unafungua paja kwa nje, upande uleule uliofunguliwa. Ndiyo maana nilikwambia umuulize kwanza.

Ukirudi, njoo na karatasi yenye jibu lake. Njoo na mto wako pia, tuupime pamoja urefu.